Ua la Usambara Katika Madirisha ya Dunia

Msafiri atokaye Tanga, nchini Tanzania, hufika Muheza kwa barabara ya lami, kisha huiacha barabara hiyo na kuanza kupanda milima ya Usambara Mashariki kuelekea Amani. Minazi na michungwa hubaki chini, hewa hupoa, na ukungu hutanda juu ya mashamba ya chai. Humo msituni, juu ya miamba yenye kivuli kandokando ya vijito, huota mmea mdogo wenye majani manene ya vinyweleo na maua ya rangi ya urujuani yenye kitovu cha manjano. Mpita njia aweza kuukanyaga asijue kwamba jamaa zake hutunzwa madirishani kutoka Ujerumani hadi Marekani.

Mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika sehemu hizo, aliuona mmea huo akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliupa jina la Saintpaulia ionantha. Hivyo jina la mtawala likadumu, ijapokuwa Wasambaa walipita kando ya miamba hiyo tangu enzi za mababu. Hata hivyo Wajerumani wameutendea mlima haki, kwani katika mazungumzo huliita ua hilo urujuani wa Usambara. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza mmea huu katika ukoo wa Streptocarpus, lakini madukani jina la zamani lingali likitumika.

Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles walipanda mbegu zilizotoka Ulaya, wakachagua aina kumi. Iliyovuma zaidi ni Blue Boy, yenye maua ya buluu. Leo aina ni maelfu: za waridi, nyeupe, zenye petali nyingi zilizobanana, na zenye kingo za mawimbi. Zile ndogo, zinazotosha katika kikombe cha chai, zina damu ya mmea wa Shume, Usambara Magharibi.

Huko kwao mambo si mepesi. Mmea wa mwitu hauvumilii jua kali. Mti mkubwa ukiangushwa, mwamba hupata joto na mimea yote iliyoushika hukauka. Jamaa mmoja, teitensis, huota katika milima ya Taita nchini Kenya, wala hapatikani mwituni penginepo. Hifadhi ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, lakini nje ya mipaka yake wanakijiji wahitaji kuni na mashamba, na haja hiyo ni ya haki.

Kwa bahati njema, apendaye kuupanda nyumbani hana sababu ya kung'oa kitu msituni. Jani moja zima pamoja na kikonyo chake, likichomekwa katika kopo lenye matundu na udongo mwepesi wenye unyevu, hutoa miche baada ya miezi miwili au mitatu. Kopo liwekwe dirishani pasipopigwa na jua la mchana, na maji yatiwe kwenye kisahani chini, kwa kuwa maji baridi hutia majani madoa. Familia inayohamishwa kituo mara kwa mara yaweza kusafiri na jani tu, likiwa limefungwa katika karatasi yenye unyevu. Ila aina zenye maua ya milia hazifuati desturi hii: jani lake huzaa maua yasiyo na milia, na hazina budi kupandwa kwa machipukizi ya ubavuni.