Taa ya Behewa la Mwisho

Majumba ya Michenzani nikiyatazama usiku naona treni: marefu, yamenyooka, madirisha yamewaka safu kwa safu. Basi umeme ulipokatika Unguja nzima, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, treni zote zikazima taa. Miezi mitatu. Tukawa tunakaa na Babu sebuleni kwa kandili, naye ndo akapata nafasi ya kusema, maana televisheni ilikuwa imenyamaza.

Babu aliwahi kufanya kazi reli ya bara, stesheni ndogo upande wa Manyoni. Hapa kwetu ukitaja reli watu wanakumbuka gari la Bububu, lililoanza 1905, na wako watakaokuapia kwamba Bububu ilipata jina kwa mlio wa gari lile. Si kweli, Emily Ruete anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Babu hakujali hayo. Yake yalikuwa taa.

Reli ya kati ni njia moja, ya kwenda ndo ya kurudi. Kwa hiyo treni hairuhusiwi kuingia mpaka ile iliyotangulia iwe imetoka yote. Yote! Dereva anatazama mbele. Behewa likikatika nyuma gizani, breki zinatakiwa zishike zenyewe, lakini watu wa reli hawaamini breki peke yake. Wanamweka mtu kando ya njia na taa yake ya mkono: kijani pita, nyekundu simama.

"Injini mtoto yeyote anaiona," Babu akisema. "Inapita na makelele na honi. Wewe kazi yako kungoja mkia. Ukiiona ile nyekundu ya behewa la mwisho, unapiga simu nyuma: imepita kamili. Hukuiona, unapiga simu mbele waisimamishe, na nyuma wasiachie nyengine."

"Na kama imezimwa na upepo tu?"

"Upepo utaujuaje wewe? Hukuiona, hukuiona."

Septemba 2011 nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye uandishi wa habari. Usiku wa kuamkia tarehe 10, meli ya Spice Islander ikazama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, kaka yake alikuwemo. Akanishika mkono ngazini: "Mwanangu, wewe ndo mtu wa khabari, tuulizie." Nikampigia mwenzangu aliyekuwa na orodha ya waliookolewa. Akanisomea jina, la mtu na la baba yake. Nikamwambia mama wa watu: yupo, kaokolewa. Akalia kwa furaha, akapigia simu ukoo mzima.

Jioni tukajua kuwa ni mtu mwengine. Unguja na Pemba majina ni yaleyale, nalijua hilo tangu skuli, darasani tulikuwa na akina Ali Juma watatu. Sikuuliza umri. Sikuuliza anatoka wapi. Nilisikia jina nikakimbia nalo.

Yule mama hakunigombeza hata siku moja. Tukikutana ngazini akinipisha.

Baada ya hitma nikamweleza Babu. Nilidhani atanisema. Akauliza tu:

"Taa uliiona?"

"Sikuiona."

Akakaa kimya muda mrefu, vidole vinazungusha tasbihi. Hadithi zake zote za kandili, hakuna hata moja ambayo alikosea. Kisha akasema:

"Na mie usiku mmoja sikuiona. Mvua, au usingizi, sijui. Nikapiga simu nikasema imepita kamili, maana niliona haya kusema sikuangalia. Halafu nikakaa pale, nimeikodolea macho simu, nangoja stesheni ya mbele."

"Ikawaje?"

"Ilikuwapo," akasema. "Ilikuwapo, inawaka."

Akaniomba nimsogezee makubadhi yake. Magharibi ilikuwa ishaadhiniwa.