Aliyepiga Obokano Naye Alikuwa Mtunzi

Tarehe 4 Januari 1994, Rahul Dev Burman, mtunzi wa muziki wa filamu za Kihindi, alifariki dunia mjini Bombay akiwa na umri wa miaka 54. Alikufa akiwa amekwisha kuwekwa kando. Filamu alizozitungia nyimbo mwishoni mwa miaka ya 1980 hazikuvuma, watayarishaji wakamkimbia, na moyo ulikuwa umeshamsumbua hadi akafanyiwa upasuaji London. Kazi yake kubwa ya mwisho, nyimbo za filamu ya 1942: A Love Story, ilitoka miezi michache baada ya kifo chake. India nzima ikaziimba. Mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya Filmfare, naye hayupo.

Nimekuwa nikimwaza sana mtu huyu tangu tulipomzika babu yangu, upande wa Nyamira. Babu alikuwa mpiga obokano, kinubi chetu. Burman alitungia filamu zaidi ya 300. Babu hakurekodiwa hata mara moja. Mmoja alikuwa na ukumbi wa wapiga fidla na mafundi wa mitambo, mwingine alikuwa na kigoda na wazee wenzake. Hata hivyo, kadiri ninavyomsikiliza Burman ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wawili hawa walikuwa wa kazi moja.

Burman alizaliwa Calcutta mwaka 1939, katika nyumba yenye muziki. Baba yake, Sachin Dev Burman, alikuwa mtunzi mwenye jina kubwa. Kijana alifundishwa sarodi na Ali Akbar Khan, na mwaka 1964 alipuliza kinanda cha mdomo katika nyimbo za filamu ya Dosti, ambazo zilitungwa na watu wengine. Lakini elimu ya ukumbini haikumtosha. Alikuwa na sikio la mtu anayetembea duniani akigonga kila kitu ili asikie kinasema nini. Katika Padosan ya mwaka 1968, mlio mmoja ulitoka kwenye kitana cha nywele kilichosuguliwa. Wimbo mmoja maarufu wa Yaadon Ki Baaraat, mwaka 1973, unaanza kwa glasi inayogongwa kijiko. Na katika Sholay ya mwaka 1975, filamu iliyopendwa hata huku kwetu Afrika Mashariki, alitumia chupa za bia zilizopulizwa mdomoni katika wimbo mmoja, kisha akauimba mwenyewe kwa sauti ile yake ya kukwaruza.

Nilizisikia nyimbo hizo kwanza katika duka la Mhindi mjini Kisii, nilipotumwa kununua misumari. Sikujua maneno yake. Pwani watu walikuwa wamezizoea zamani: Juma Bhalo alijijengea jina Mombasa kwa kuzivika lahani za filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili, na alipofariki mwaka 2014 Waswahili walimlilia kama mtunzi wao hasa. Sisi wa milimani tulizisikia tu zikipita, tukarudi nyumbani kwa obokano.

Kwa ambaye hajaiona, obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi 8. Bakuli lake huchongwa kwa mti, likawambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili hutokeza juu ikabeba boriti, na nyuzi hufungwa hapo. Mpigaji huketi chini kabisa, chombo kikamwegemea, akazidona nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti yake ni nzito, ina mtetemo, unaisikia tumboni kabla ya masikioni. George Senoga-Zake, mwanamuziki aliyekuwa katika jopo lililouandaa wimbo wa taifa wa Kenya, aliilinganisha na ile fidla kubwa ya besi ya Wazungu. Nyatiti ya majirani zetu Wajaluo ina nyuzi 8 vilevile, lakini mwili wake ni mdogo na sauti yake iko juu zaidi.

Babu alikuwa akiisogeza obokano yake karibu na moto kabla ya kupiga, ngozi ikazwe na joto. Haikuwa kuisogeza ovyo. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaigeuza kidogo, akagonga tena. Kisha alishika zile pete za vitambaa zilizozungushwa kwenye boriti, akauzungusha uzi mmoja mpaka ukubaliane na jirani yake. Enzi za ujana wake nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Baadaye alihamia mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, na alilalamika kwamba nailoni inalia kama mtu asiye na baba. Akaanza kuchanganya: nene upande huu, nyembamba upande ule, moja akaiparuza kwa kisu ili ikwaruze. Alifanya hivyo kwa miezi. Nilikuwa mtoto, nikadhani mzee anacheza. Leo najua nilikuwa nikimtazama mtunzi akifanya utafiti wa sauti, sawa na yule wa Bombay aliyejaza chupa maji kidogo kidogo.

Tofauti ni kwamba kila mlio wa Burman ulikuwa na mahali pa kulala. Ukanda uliunasa, filamu ikaubeba, santuri ikauuza, na wapigaji waliokuwa naye ukumbini wakabaki kuusimulia. Leo mtu yeyote anaweza kueleza kitana kilitumika wapi na glasi iligongwa wapi. Mlio wa uzi ule ulioparuzwa kwa kisu ulilala ndani ya mtu mmoja tu.

Makazi ya obokano yalianza kubomoka zamani. Wamishonari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista Nyanchwa mwaka 1912, na kwa waongofu wengi chombo hiki kilikuwa ndugu wa chungu cha busaa. Si uongo, wazee walipokizunguka chungu na mirija yao mirefu, mpiga obokano alikuwa hapo, akitaja koo, akisifu, akikosoa, akimkumbusha mwenye nyumba deni la mahari. Aliyeokoka aliacha vyote kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali nayo ikapiga marufuku pombe za kienyeji, na baraza lile likapoteza hata kisingizio cha kukutana. Nazipenda kwaya zetu za kanisa, nimekulia ndani yake, na hakuna atakayeniambia kwamba Abagusii hawakupata kitu pale. Lakini tulilipa bei kubwa, na wengi wetu hatujawahi kuitaja bei hiyo kwa sauti.

Siku ya mazishi ya babu vijana walileta spika kubwa za kukodi, nyimbo za injili zikapigwa tangu alfajiri. Mchana, zilipozimwa ili wazungumzaji waanze, mtu akaishusha obokano kutoka darini. Ngozi ilikuwa imelegea, nyuzi mbili zimekatika. Ilipita mikononi mwa wajukuu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyejua uzi upi unaanza. Ndipo shangazi yangu mkubwa alipoinuka. Mila iliwatengea wanaume chombo hiki, kwa hiyo yeye hakuwahi kukigusa, ila alikisikia utoto wake wote akiwa jikoni. Akaanza kuimba wimbo mmoja wa baba yake. Maneno alikuwa nayo. Alifika mwisho wa ubeti wa kwanza, akanyamaza, akisubiri. Pale ndipo nyuzi zilipokuwa zikijibu. Alisubiri muda uleule ambao babu angetumia kujibu, kisha akaingia ubeti wa pili, akanyamaza tena. Tuliusikia wimbo wote ukiwa na mapengo yake, na kwa mara ya kwanza siku ile nilielewa ni kipi hasa tunakizika.

Nimewahi kujifariji kwamba yote hupotea, ndiyo dunia. Faraja hiyo hainikai, kwa sababu majirani zetu wananishuhudia kinyume. Ayub Ogada, aliyefariki Februari 2019, aliichukua nyatiti hadi njia za treni za chini ya ardhi za London, na wimbo wake Kothbiro ukaingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Mamilioni ya watu ambao hawatafika Kisumu kamwe wameisikia nyatiti ikiomboleza. Kapkatet nayo, huko kwa Wakipsigis, haiko mbali na mpaka wa Nyamira. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi waimbaji hapo, kanda zikaenda kukaa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 baadaye asasi ya Ketebul Music ya Nairobi ilishiriki kuzirudisha kwa wenyewe. Watu waliwekewa sauti za wazazi wao. Kwetu pia kuna kilichookolewa: kampuni ya Ocora ya Ufaransa imewahi kutoa albamu nzima ya obokano, na bado kuna vijana wachache wanaoipiga majukwaani. Nawashukuru kwa moyo wote. Ila hao wachache hawawezi kubeba alichokijua kila mzee wa kila kilima, maana hapakuwa na obokano moja. Aliyekaa Bobasi hakukaza nyuzi kama wa Kitutu, na mwalimu wa huyu hakuwa mwalimu wa yule.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tulivyowaomboleza wazee hao. Tuliwazika kama watu wa kuchangamsha pombe. Katika wasifu wa babu uliosomwa kaburini kulikuwa na ekari zake za chai, watoto wake, mwaka aliobatizwa. Obokano ilipata sentensi moja, mwishoni, kwamba marehemu alipenda muziki. Hakuna mtu angesema hivyo juu ya Burman. Babu alitunga, alibuni, alisahihisha, alitupa kisichofaa, akaanza upya. Alistahili kuitwa mtunzi mbele ya watu wake, akiwa hai na masikio yake yanasikia.

Kwa hiyo nina ombi kwako unayesoma ukiwa Keroka, Ogembo, Manga, Kebirigo au popote penye mzee wa namna hii. Nenda ukamwone mwezi huu. Simu uliyo nayo mfukoni inatosha. Usimwombe wimbo pekee. Mwombe akaze nyuzi huku unarekodi, akuambie kila uzi unaitwaje, alijifunza kwa nani, na ni kitu gani alikibadilisha yeye mwenyewe. Andika jina lake kamili, kijiji na tarehe. Mpeleke binti yako pia, naye aketi aiguse. Na siku ya wasifu ikifika, andikeni kwamba alikuwa mtunzi.