Nne Kushoto kwa Tisa

Zimwi lilikuwa limebakiwa na alama 9 za uhai. Nikachukua kalamu, nikaandika 4 kushoto kwa ile 9, zikawa 49. Hakuna aliyeniona. Sisi waendesha mchezo hukaa nyuma ya kadibodi iliyosimamishwa mezani, ili wachezaji wasichungulie hesabu zetu.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Arneson alikuwa mtu wa huku huku ninakoishi, kwenye miji pacha ya Minneapolis na St. Paul. Sisi tuko watano, tunakutana Jumapili usiku, tunacheza kwa Kiswahili na dadu za pande ishirini.

Kuyabadilisha mazimwi si dhambi, niseme hilo mapema. Gygax mwenyewe alinunua midoli ya plastiki ya bei ya chee akaigeuza kuwa viumbe vya mchezo. Mmoja, nusu dubu nusu bundi, yumo vitabuni hadi leo. Ukitaka zimwi lako liwe na mikono sita, lipe.

Nililolichagua mimi ni trolo, jitu refu lenye njaa isiyokwisha. Katika kitabu cha mazimwi cha mwaka 2014 lina alama 84, na kila zamu yake ikifika linajirudishia 10, vidonda vinajifunga vyenyewe. Dawa yake ni moto au tindikali: ukiliunguza, zamu inayofuata halijiponyi. Kila mchezaji mzoefu analijua hilo, na ndilo lililonikera. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha; mimi nilitaka zimwi lisilojulikana na mtu. Basi nikauondoa moto, nikaweka maji ya chumvi. Halafu sikuacha dalili hata moja, si mvuvi wa kusimulia wala mfupa wenye ukoko wa chumvi pangoni. Siri niliipenda mno hata nikasahau kwamba lazima igundulike.

Miongoni mwetu yumo dada mmoja wa Mombasa anayehudumia wazee. Alikuwa mgeni wa mchezo, mhusika wake mchawi, na alikuwa amesoma. Kabla ya kuingia pangoni alimhoji mzee wa kijiji: zimwi hili linaogopa nini? Akarusha dadu, ikaja 19. Mzee wangu akajibu kwa mafumbo matupu.

Mpira wa moto wa kichawi unahitaji dadu nane za pande sita. Yeye alikuwa nazo nne, kwa hiyo alirusha mara mbili, akajumlisha kwa kuzigusa moja moja kwa kidole: 34. Wenzake wakaongeza 20. Zikabaki 30. "Vidonda vinajifunga," nikasema, nikarudisha 10. Akanitazama, akatumia mpira wake wa pili na wa mwisho: 23. Mshale ukaongeza 8. Kwa hesabu ya kitabu, trolo lilikuwa limekwisha kufa. Kwa yangu lilikuwa na 9, na hata hiyo 9 niliona haitoshi, maana zimwi nililolitengeneza wiki nzima lisingeweza kufa katika duru mbili mbele ya macho yangu. Ndipo nilipoandika ile 4.

Kucha mbili na meno, mchawi akaanguka. Akapewa dadu ya kujiokoa: 10 na kwenda juu unasogea hatua kuelekea kuokoka, chini yake unazama. Ikaja 7, ikaja 3, ikaja 8; mchawi akafa.

"Kakangu, hili zimwi lina uhai kiasi gani?"

"Kama kitabu kinavyosema," nikajibu.

Maji ya chumvi sijui kama yangenitesa sana. Jibu hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Jumapili iliyofuata, kabla wengine hawajafika, nikamwekea ile karatasi mezani. Tisa ilikuwa ya penseli, nne ya wino wa buluu, imebanwa ukingoni. Akaitazama kitambo.

"Kwa hiyo mpira wa kwanza ungetosha kulizuia lisijiponye?"

"Ungetosha."

"Na wa pili?"

"Ungelimaliza, pamoja na ule mshale."

Akairudisha karatasi upande wangu, akatoa yake mpya mkobani. Mhusika wake safari hii ni mpiganaji. Kwenye nafasi ya silaha alikuwa ameandika shoka, na kwenye nafasi ya elimu ameacha wazi.