Majengo ya Pumwani: Nyumba Bila Ardhi Jijini Nairobi

Sisi watu wa pwani tuendapo Nairobi, njia yetu huwa ni ile ile. Huswali katika Msikiti wa Jamia, kisha tukaelekea Eastleigh kununua nguo za Idi na vyombo vya harusi. Kati ya vituo hivyo viwili upo mtaa ambao huupita garini bila kuteremka, ijapokuwa una nasaba nasi kuliko mitaa mingi ya jiji hilo. Mtaa huo ni Pumwani, na sehemu yake kongwe huitwa Majengo.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Wapagazi, askari, mafundi na wachuuzi waliofuata reli, wengi wao Waislamu na wasemaji wa Kiswahili, walijijengea vijiji pembezoni mwa mji. Kimoja kiliitwa Pangani, kingine kikaitwa Mombasa. Serikali ya kikoloni haikuviridhia vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikapima viwanja Pumwani ili Waafrika wahamie huko, na vijiji vya zamani vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani kilivunjwa mwaka 1939, na wenye nyumba wake wakahamishiwa Shauri Moyo, jirani na Pumwani.

Nyumba za Majengo hazimwii ngeni mtu wa pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na mapaa mengi yaliezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. La kuzingatia zaidi ni wenye nyumba hizo. Wengi walikuwa wanawake waliofika mjini peke yao, wakachuma shilingi kwa shilingi, wakajenga na kupangisha vyumba. Wengi wao walisilimu, na katika sharia wakapata msingi wa kumiliki mali kwa jina lao wenyewe. Kwani Suratun Nisaa imethibitisha kuwa mwanamke ana fungu lake katika mirathi kama alivyo nalo mwanamume.

Lakini walichokimiliki kilikuwa jengo tu. Ardhi iliyo chini yake ilibaki ya serikali, nao wakailipia kodi ya kiwanja. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Nyumba bila ardhi tunaijua tangu kwa babu zetu, na Mombasa nayo ina Majengo yake.

Atakayetembea mtaani kwa miguu atausikia mwadhini wa Msikiti wa Riyadha, jina linalomkumbusha Mpwani ile Riyadha ya Lamu. Si mbali na hapo ipo hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambamo watoto wa Nairobi wasiohesabika wamezaliwa. Upande mwingine ipo Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambamo maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi walipoteza maisha. Leo sokoni hapo huuzwa vyondo na makubadhi ya ngozi. Ipo pia Gikomba, soko kubwa la mitumba ambalo limeungua mara nyingi na kila mara wachuuzi wake wakarudi kusimamisha vibanda. Kisha upo uwanja wa Kamukunji, waliokokusudia kukutana wadai wa vyama vingi tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba.

Baadhi ya nyumba za kale zimekwishabomolewa na maghorofa yakasimama mahali pake. Ubomozi ufikapo, linaloulizwa kwanza ni hati: nyumba hii ni ya nani, na nani mrithi wake? Bibi aliyejenga yu kaburini, wajukuu wametawanyika, na stakabadhi za kodi ya kiwanja huenda zililiwa na mchwa sandukuni. Hapo jasho la maisha mazima hukosa wa kulisemea.

Dada zangu, msiba huo si wa Nairobi peke yake. Mama akiwa hai, tukae naye, tuzitazame hati zake, tujue kiwanja kimeandikwa kwa jina gani na kodi imelipwa mpaka lini. Akitaka kuweka wakfu, auandikishe mbele ya mashahidi. Na mirathi igawiwe mapema kwa mujibu wa sharia, mabinti wasinyimwe fungu lao kwa kisingizio cha kuwa wameolewa.

Nawe utakapokwenda Nairobi tena, teremka Pumwani. Swali Riyadha, tazama zile nyumba chache za udongo zilizosalia, na uwaombee waliozijenga. Mwenyezi Mungu awarehemu, na awahifadhie warithi wao haki zao. Amin.