STELINGI HAFI! Nilivyoisubiri Matrix ya tatu mwisho wa reli

Ukitaka kujua maana ya kusubiri, panda treni ya Reli ya Kati pale Dar, shuka Kigoma. Kilometa zaidi ya 1,200! Watu wanapaita mwisho wa reli na hawakukosea. Ukishavuka stesheni ile ya Wajerumani ni maji tu, na ng'ambo ya maji ni milima ya Kongo.

Majuzi nilikuwa huko. Jioni nikadandia daladala hadi Ujiji, nikaipita miembe ya Livingstone, yule Mzungu aliyekutwa na Stanley hapo mwaka 1871, nikateremka hadi ufukweni. Livingstone sikuwa na shida naye. Nilikuwa nalitafuta banda la video.

Mnalikumbuka banda la video? Magunia pembeni, mabenchi ya mbao, deki moja, televisheni moja, kiingilio shilingi 50. Humo ndimo nilimoiona The Matrix ya kwanza, ile ya mwaka 1999, na ya pili, Reloaded, iliyotoka Mei 2003. Mkalimani alikaa pembeni ya televisheni akitupa maneno kwa Kiswahili, na nusu yake alijitungia mwenyewe. Tukitoka hapo kila mtu anakwepa risasi, kajipinda kinyumenyume mpaka mgongo unalia!

Sasa ile ya pili ikatukatia utamu. Neo kanyoosha mkono, mashine zimeanguka, mwenyewe kazimia, yuko kitandani hoi. Mara majina yanapanda. Banda zima likapiga kelele utadhani tumeibiwa.

Ya tatu, Revolutions, ilitoka Novemba 5, 2003, siku moja karibu dunia nzima. Dunia nzima bila Kigoma! Sisi kaseti yetu ilisubiri mtu wa kuipakia kwenye treni.

Kwenye benchi nilikuwa nakaa na jamaa mmoja aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi, akikimbia vita vilivyoanza mwaka 1998. Alikuwa kibarua wa kuanika dagaa. Kaka yake alibaki kule, na habari zake hakuzipata tena. Wenzetu waliwaza ngumi na risasi, yeye alikuwa na swali moja tu.

"Ndugu, mu ile ya tatu vita itaisha?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, stelingi hafi. Kijiweni wakabisha, eti safari hii Neo anakufa. Ubishi ukaenda miezi! Mzee mmoja mvuvi akaleta ushahidi wa meli yetu ya Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. "Chuma kimelala majini miaka minane kikafufuka," akasema, "sembuse stelingi?"

Kaseti ikaja mwaka 2004, tayari imechoka. Banda likafurika, watu hadi mlangoni. Umeme wa Kigoma enzi hizo ulikuwa wa majenereta, gridi ya Taifa ilikuwa haijafika, kwa hiyo tulitazama huku tunaomba Mungu. Neo akapigana na Smith kwenye mvua, akachoka, akaacha kupigana, Smith akammeza... puu! Giza.

Watu wakadai hela zao. Jamaa yangu akanishika mkono. "Alikufa?" Nikasema sijui. "Na vita?"

Mkalimani akaendelea kusimulia gizani. Mashine zimerudi nyuma, watu wanashangilia, vita imekwisha. Tukadhani anatunga kama kawaida yake. Baadaye sana nikaiona filamu nzima, kumbe alisema kweli. Ila kuhusu Neo, yenyewe haikusema wazi.

Mwishoni mwa 2005 meli zikaanza kuwarudisha wakimbizi Kongo kutoka bandari ya Kigoma. Nilimsindikiza. Alikuwa na begi moja na godoro. Akanipa mkono akasema, "Stelingi hafi, ndugu." Nilijua hamzungumzii Neo. Sikumuuliza kitu.

Banda sikulikuta. Hata ufukwe wenyewe umesogea, maana ziwa limepanda sana miaka hii. Nilikuta vijana watatu wamekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, wanatazama sinema kwenye simu moja, mmoja anawatafsiria wenzake. Nikacheka peke yangu.

Desemba 2021 ilitoka Matrix ya nne. Neo yu hai! Ubishi nimeshinda, lakini wa kumtambia simwoni. Ndugu yangu wa Fizi, kama gazeti hili limekufikia likiwa limefungia maandazi, jua kwamba stelingi hakufa. Na wewe je, kaka ulimkuta?