Bundi wa Mashamba ya Mtinko

Tukitoka mjini Singida kuelekea kaskazini tunafika Mtinko, katika nchi ya Wanyaturu, penye mashamba ya alizeti, mtama na uwele. Baada ya mavuno mabua hulala chini, na panya hupita humo wasionekane. Hata hivyo bundi huwapata gizani, kwani huwawinda kwa masikio. Uso wake mpana hukusanya sauti, na sikio moja likiwa juu kuliko la pili, tofauti hiyo ndogo humwonesha mchakacho umetoka wapi. Manyoya yake laini huruka bila kishindo. Kwa uwezo huohuo, bundi wa Kanada na Finland humnyakua panya aliyejificha chini ya theluji.

Kiumbe huyu mara nyingi hupigwa mawe kwa kudhaniwa kuwa ni mkosi, ilhali Mtume Muhammad (S.A.W.) alikwisha kuibatilisha itikadi ya kisirani cha bundi. Amwuaye bundi huwaachia panya ghala lake. Basi wazazi, tuwafunze watoto wetu kwamba mlio ule wa usiku ni wa mlinzi wa nafaka yetu.