Usingoje Pipa Lijae

Studio yetu iko Umoja, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Tunarekodi harusi, ruracio na mazishi. Tuna kompyuta tatu za Linux na seva moja chini ya meza. Kazi zote huhifadhiwa humo kupitia NFS, mfumo uliotoka Sun Microsystems mwaka 1984.

Kila Jumatatu tukimwaga video za wikendi, ilikuwa stori ile ile. Mstari unakimbia hadi karibu na mwisho, halafu unaganda. Ukijaribu kuhifadhi kitu kingine, unangoja. Dakika nne nzima. Wasee wakasema RAM ni kidogo, tuongeze.

Sikukubali. Linux haipeleki video kwa seva papo hapo. Huiweka kwanza kwenye RAM, na data ambayo haijafika huiita chafu. Kwa kawaida, uchafu ukifika asilimia 10 ya memori inayopatikana, huanza kutolewa kimyakimya. Ukifika asilimia 20, anayeandika anasimamishwa. Kwetu hiyo ni kama gigabaiti 3, na waya wetu wa megabiti 100 hupitisha karibu megabaiti 12 kwa sekunde. Piga hesabu: dakika nne na kitu. Ongeza RAM mara mbili, utangoja dakika nane.

Ni kama taka za plot. Pipa likifurika, keateka analeta kubwa zaidi, lakini mkokoteni ni ule ule. Unapata tu mlima mkubwa zaidi wa kubeba. Dawa ni mkokoteni uanze kupita mapema, ubebe kidogo kidogo.

Basi niliweka vm.dirty_background_bytes iwe megabaiti 64, na vm.dirty_bytes megabaiti 256. Waya haukuongeza kasi hata kidogo. Video bado huchukua muda ule ule kufika, ila sasa mstari unasema ukweli, na kungoja mwishoni ni kama sekunde 20.

Ukweli huo una uzito. Mashine ikiganda, mkono hukimbilia swichi, na kilicho kwenye RAM hupotea. Kwenye folda unabaki na jina la faili na video nusu. Kadi nayo inahitajika Jumamosi, mtu ataifuta akidhani kazi imefika. Harusi unaweza kumwomba bibi harusi avae gauni tena, mpige picha Uhuru Gardens. Mazishi hayarudiwi.